Siku ya Michezo Isiyo na Rangi

Mimi ni mwalimu wa michezo ambaye hajui kupuliza filimbi. Natia vidole viwili mdomoni napiga mluzi kama wachunga ng'ombe wa kwetu, na mtoto aliye ng'ambo ya shamba la viazi hugeuka. Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba siku ile ya michezo haikuandaliwa na mtu mwenye adabu nyingi. Kama ingemngoja mwenye adabu, ingekuwa haijafanyika hadi leo.

Shule yetu iko kwenye mgongo wa kilima, kando ya barabara ya kupanda Olenguruone, mahali ambapo ukungu hauondoki kabla ya saa nne asubuhi. Wakati wa vita majengo yake mawili yalichomwa, pamoja na stoo na ofisi. Redioni waliita ghasia, siku nyingine vurugu. Sisi tulioona nyumba zikiwaka mchana na majirani wakikimbia na watoto mgongoni hatukuwa na neno jingine ila vita, na silibadilishi sasa. Makabila siyataji. Nitasema watu wa juu na watu wa chini, kwa kuwa ndivyo kilima kinavyotugawa, na anayeijua nchi hii atajaza mwenyewe. Waliokimbia walikuwa wa chini. Mimi ni wa juu.

Nilisoma hapo, nikaenda chuo cha ualimu, nikarudi kufundisha hapo kuta zikiwa bado nyeusi. Madarasa manne yalikuwa yameezekwa mabati mapya, na watu wa chini walikuwa wameanza kurudi mashambani kwao. Lakini watoto wao hawakurudi shuleni. Walisomea katika kanisa la mabati huko chini, na walimu wawili wa kujitolea, na nani angewalaumu? Ndipo afisa wa elimu alipokuja kutoka Nakuru, akahesabu vichwa, akamwambia mwalimu mkuu kwamba watoto wasipoongezeka kufikia muhula uliofuata, darasa la saba na la nane yatahamishiwa shule nyingine mbali, na ujenzi wa madarasa yaliyobaki utasimama. Yaani shule ife polepole, na kilima kibaki na watoto wasiojuana. Watoto wasiojuana wakikua hufanya nini, hilo sikuhitaji kuambiwa na afisa.

Nikasema tutafanya siku ya michezo, na wazazi watavuta kamba.

Zamani hiyo ndiyo iliyokuwa kilele cha siku. Mbio za magunia zikiisha, na za kiazi juu ya kijiko, wazazi walivua makoti yao, wa juu wakashika kamba upande huu na wa chini upande ule, na kila mwamba ngoma akavutia kwake. Upande wa chini ulikuwa na mama mmoja mwembamba, wa kudanganya macho, aliyekaa mwisho wa kamba. Alijifunga kiunoni, akachimba visigino, na kuanzia hapo watu wa juu wakawa wanavuta mti wenye mizizi. Nilikuwa mtoto, nikimchukia kwa kutushinda kila mwaka, na nikitamani kuwa yeye.

Mama huyo alikuwa amerudi shambani kwake na watoto wawili. Hakuwa mwenyekiti wa kitu chochote, lakini huko chini watu walitazama anakanyaga wapi kabla ya kukanyaga wao. Watoto wake wakirudi shuleni, wengine wangefuata. Wasiporudi, tungekuwa tumejipigia makofi wenyewe kwa wenyewe.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu mwema mwenye hofu nyingi. Aliposikia habari ya kamba alivua miwani.

"Madam, watu wamechomeana nyumba, na wewe unataka uwape kamba wavutane?"

"Wakivutana kamba, mwalimu, mikono haitakuwa na nafasi ya kushika kitu kingine."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akasema. Alipenda sana methali hiyo, kwa kuwa mkuu alikuwa yeye.

Nikamwambia mguu wangu umeshavunjika mara mbili kwa mpira na bado natembea. Akacheka bila kutaka, nami nikahesabu hiyo kuwa ruhusa.

Kisha nikafanya kosa, na sikusaidiwa na mtu kulifanya. Nilitaka timu ziwe na rangi, kama shule zote. Nilikuwa Nakuru siku moja, nikapita mtaa wa Bondeni kwa mama mmoja Mwislamu ambaye ni fundi wa nguo, nikamwomba mabaki ya vitambaa. Akanipa mafurushi mawili bure, rangi mbili nzuri zinazong'aa. Akaniuliza, "Hizi ni za mkutano wa nani, mwalimu?" Nikacheka, nikasema ni za watoto. Aliniangalia kidogo, akarudi kwenye cherehani yake. Laiti angenipiga kofi.

Jumatano nilifunga riboni mikononi mwa watoto wetu, nikashuka hadi kanisani nikawafunga na wale wa chini, wakafurahi. Alhamisi asubuhi, kabla sijafika langoni, wazazi walikuwa wamejaa uwanjani. Rangi moja ilikuwa ya chama kilichopigiwa kura na watu wa juu. Nyingine ilikuwa ya chama cha watu wa chini. Na mimi, kwa akili zangu zote za chuo, nilikuwa nimewafunga watoto wa chini rangi ya chama cha juu, na wa juu nikawafunga ya chini. Baba mmoja alikuwa ameitupa riboni ya mwanawe kwenye dipu ya kuogeshea ng'ombe, na alitaka nijue ng'ombe wangapi walikuwa wanaangalia.

"Madam, nani amekutuma?" aliniuliza.

Hakuna aliyenituma. Ndiyo aibu yenyewe, kwamba upumbavu ule wote ulikuwa wangu peke yangu. Tulikaa na walimu wenzangu tukatafuta rangi nyingine. Kijani ina wenyewe. Njano ina wenyewe. Nyekundu usiitaje. Nyeupe ni ya kanisa moja lenye vilemba, na waumini wake hawavuti kamba. Katika nchi nzima ilibaki kahawia, na hakuna aliyekuwa na kitambaa cha kahawia.

Alasiri chifu akaja na pikipiki, hata kofia ya chuma hakuvua.

"Hiyo kitu yako ifutwe. Mimi sitaki kuandika ripoti."

"Sawa, chifu. Rangi nimefuta."

"Sijasema rangi. Nimesema sports."

"Hilo neno la pili upepo umelipeleka, sikulisikia," nikamwambia.  Akasema akisikia hata jiwe moja limerushwa ataniandika jina langu mimi, si la aliyerusha. Nikamwambia aliandike vizuri, watu huwa wanalikosea.

Nililala na hasira, nikaamka nayo, nikaibeba pamoja na mkebe wa maziwa hadi kituoni. Kituo cha maziwa kiko mbele ya lango la shule, na hata baada ya vita watu wa juu na wa chini walileta maziwa hapo hapo, kwa kuwa lori ni moja na maziwa hayangoji watu wapatane. Walipanga foleni mbili bila kusalimiana. Kila mkebe ulikuwa na namba ya mwenyewe, imepakwa rangi ya mafuta, namba aliyopewa siku alipojiunga na ushirika wa maziwa. Kuna waliojiunga zamani, kuna waliojiunga juzi. Nikasimama hapo nikizisoma: ishirini na mbili wa juu, ishirini na tatu wa chini, hamsini wa chini, hamsini na moja wa juu. Namba zile zilikuwa zimetuchanganya miaka yote na hatukuwahi kuona.

Basi nikapanda juu ya kreti nikapiga mluzi. Nikasema rangi zimekwisha. Kesho mwenye namba ya maziwa ya moja, tatu, tano, saba na kuendelea hivyo, yeye na watoto wake, atakunja mkono wa kulia wa sweta. Mwenye mbili, nne, sita, nane atakunja wa kushoto. Asiye na sweta akunje shati. Anayejua chama cha mkono uliokunjwa aje aniambie sasa hivi.

Hakuja mtu. Kijana mmoja aliyekuwa akipakia mikebe akasema, "Niaje, madam, na mwenye kukunja yote?" Watu wakacheka, foleni zote mbili, na nadhani hicho kilikuwa kicheko cha kwanza cha pamoja mahali pale tangu vita.

Lakini yule mama wa kamba hakucheka. Alipokea mkebe wake na kushuka. Nikamfuata hadi kwake.

Nyumba yake ilikuwa imejengwa upya nusu. Ukuta ulikuwepo, paa lilikuwepo, na mahali pa mlango palining'inia turubai la hema walilokaa wakati wa ukimbizi. Alilishika pembeni akanifungulia kama mtu anayefungua mlango kamili, nikainama nikaingia. Akanipa kiti. Nikamweleza kamba, nikamweleza namba.

"Nimeskia," akasema. "Hakuna juu, hakuna chini. Ni namba ya maziwa."

"Ndio, mama."

"Na mlango wangu uko na namba gani?"

Niliujua mlango wake. Ulikuwa wa mbao, wa buluu, na ubavuni ulikuwa na alama za kisu, mbili mbili, mahali alipokuwa akipima urefu wa watoto wake kila Krismasi. Ulikuwa juu, kwa mzee mmoja jirani yetu mwenye mkokoteni wa punda. Siku ile nyumba zilipokuwa zikichomwa, aliung'oa na bawaba zake akaupakia mkokotenini, akapanda nao barabara kuu mchana. Kwa miaka nilikuwa nimeingia kwa mzee huyo kunywa chai, nikiusukuma mlango ule kwa mkono wangu, nikiziona zile alama. Sikusema neno. Niliona aibu mbele ya lile turubai, aibu ya kweli, na nilitamani anitukane, lakini alinimiminia chai tu.

"Nitakuja kesho," akasema nilipoinuka. "Nije nivute. Lakini watoto wangu, hapana. Hao utawaona wakipita tu."

Kesho yake wakaja. Watoto wetu walikuwa wamechora uwanja kwa jivu, kila mmoja kaleta kopo moja kutoka jikoni kwao, maana chokaa hatukuwa nayo. Bibi mmoja wa chini alisimama kwenye mstari wa kwanza akaniuliza, "Jivu tena, mwalimu? Kwa hii shule?" Nikamwambia hili ni la kupikia ugali, bibi. Akaligusa kwa ncha ya kiatu, akauvuka mstari. Katikati ya uwanja bado kulikuwa na vipande vya mraba visivyoota nyasi, mahali mahema ya waliokimbia yalipokaa, na watoto wakimbiaji walijifunza kuviruka. Mikono ya sweta ilikunjwa, ya kulia kwa ya kushoto, na ikiwa ungekuja mgeni na kuniuliza nani ni nani, ningeshindwa kukuonyesha. Hilo ndilo nililolitaka, nami nililifurahia kwa ubaya kabisa, nikimtazama chifu aliyesimama kando na daftari lake.

Kamba ya zamani ilikuwa imeungua kwenye stoo. Hii tuliisuka kwa kamba za kufungia ng'ombe, kila nyumba ikachangia moja, na ilinuka zizi. Namba zikaitwa. Yule mama alikuwa arobaini na moja, mkono wa kulia. Akaenda mwisho wa kamba bila kuulizwa, akajifunga kiunoni. Watu wa namba zake wakajipanga mbele yake, lakini nafasi iliyomkaribia kabisa ikabaki wazi, kila mtu akiikwepa. Kisha ikaitwa kumi na tisa, na kumi na tisa alikuwa mzee wa punda. Hapakuwa na pengine pa kusimama. Akaja na gambuti zake, akaushika ule mkia wa kamba, mgongo wake hatua moja kutoka uso wa mama.

Naapa sikupanga. Namba zilipanga zenyewe.

Nikapiga mluzi. Kamba ikanyooka. Kwa muda haikwenda kokote, gambuti zikichimba matope, watoto wakipiga kelele, halafu upande wa kulia ukaanza kuburutwa, hatua moja, ya pili. Ndipo ilipotoka sauti ya mama kutoka mwisho, sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto.

"Mzee! Vuta! Vile uling'oa mlango wangu, vuta hivyo!"

Kamba ikalegea. Hata upande wa pili uliacha kuvuta, na katika hali ya kawaida wangekuwa wameshinda hapo hapo.  Chifu alifungua daftari. Mwalimu mkuu alivua miwani. Mzee wa punda alisimama ameishika kamba, shingo yake imeingia mabegani, na nikaona kwamba kila mtu pale, wa juu na wa chini, alijua habari za mlango ule. Tulikuwa tumejua miaka yote.

"Mnangoja nini?" mama akasema. "Nimesema vuta!"

Mzee akavuta. Sijawahi kuona mtu wa umri ule akivuta namna ile, alilala chali karibu ardhini, na mama nyuma yake akachimba visigino kama zamani, na upande wa kushoto ukaja wote kwa pamoja mpaka ukauvuka mstari wa jivu. Wakaanguka rundo moja. Watu wakapiga kelele. Wengine wakainuka wakijipangusa matope, lakini mzee alibaki ameketi chini, amevua kofia, akiiangalia.

Mama alifungua kamba kiunoni akanipitia. "Mlango ukirudi, watoto watarudi," akaniambia. "Usinibembeleze, madam. Ni hivyo tu."

Jumapili baada ya kanisa nilienda kwa mzee. Nilisimama nje ya mlango wa buluu, na kwa mara ya kwanza nilikataa kuingia. Akatoka yeye.

"Nitaurudisha," akasema kabla sijafungua mdomo. "Lakini nitapitia njia ya mtoni, jioni jioni. Mwambie."

Nikashuka nikamwambia mama. Alikuwa anakamua ng'ombe, hakugeuka. "Ulitoka hapa mchana, kwa barabara, kila mtu akiona. Utarudi mchana, kwa barabara, kila mtu akiona."

Nikapanda tena na jibu. Mzee akakataa. Siku mbili alikataa. Akasema yeye ni baba wa watu wazima, akasema ana wajukuu, akasema hata wengine walichukua, kwa nini yeye? Hapo hasira yangu ikapata kazi. Nikamwambia, "Wengine nitawafuata nikimalizana na wewe. Aibu haiui, mzee. Ingekuwa inaua, mimi niliyekunywa chai yako ningekuwa nimezikwa." Nikamwacha amesimama.

Jumatano, saa moja na nusu asubuhi, foleni zote mbili za maziwa zikiwa zimejaa, mkokoteni wa punda ukateremka barabarani. Mlango ulikuwa umesimamishwa wima, umefungwa kwa kamba, wa buluu pale katikati ya ukungu. Mzee alitembea kando ya punda akiangalia mbele. Hakuna aliyemzomea. Watu walisogeza mikebe kumpisha.

Mama, ambaye mzee alimtumia mjukuu usiku na neno moja tu, kesho, alikuwa amekuja kuupokea langoni pa shule. Watoto wake wawili walikuwa pamoja naye, wamevaa sare, mikoba begani. Nyuma yao, mbali kidogo, walisimama wazazi wengine wa chini na watoto wao, wakingoja kuona. Mkokoteni ukasimama. Mama akauzunguka mlango, akaugonga mara mbili kwa kifundo cha kidole, akazitafuta zile alama ubavuni. Kisha akamvuta mtoto wake mkubwa akamsimamisha kwenye mlango, mgongo umenyooka.

Alikuwa ameipita alama yake ya mwisho kwa shibiri nzima.

"Uko na panga?" mama akamuuliza mzee.

Lilikuwepo, chini ya majani ya punda, kama lilivyo kwenye kila mkokoteni. Hakuna aliyesogea. Mzee akalitoa polepole, amelishika kama kitu cha moto.

"Weka hapo juu ya kichwa chake," akasema mama. "Usimguse nywele. Piga alama."

 Mtoto alifumba macho, mama hakufumba. Panga likalazwa juu ya kichwa, ncha ikakwaruza mbao, mstari ukatoka umepinda kidogo. Akamfanyia na mdogo. Kisha akalirudisha panga chini ya majani, akafuta uso kwa kofia.

"Haya," mama akawaambia watoto wake, "ingieni darasani. Mimi na huyu tunaenda kuufunga mlango wangu."

Kengele ya shule ilikuwa imeungua na nyingine haijanunuliwa. Nikatia vidole mdomoni nikapiga mluzi, na watoto wake wakakimbia, na wale wa nyuma yao wakakimbia pia.